Msuli wa Maalim Shaame

Maalim Shaame alipotea kijijini Ole siku ya Jumanne kabla ya sala ya alfajiri, na mbwa wangu akatupeleka kwa mtu mwingine. Mbwa hakukosea. Nimelisema hilo mbele ya afande, mbele ya sheha na mbele ya mke wangu, na kila nilipolisema watu waliniangalia kama mtu anayejitetea. Sijitetei. Aliyekosea ni mimi.

Mimi ni koplo wa polisi, jina langu Jaribu, umri miaka arubaini na tisa. Skuli niliiacha Form Two. Kozi ya mbwa nilikwenda kwa sababu kozi nyingine zote zilitaka cheti. Ya upelelezi ilitaka cheti, ya kompyuta ilitaka cheti. Ya mbwa ilitaka mtu mwenye pumzi na miguu. Nikapelekwa Dar es Salaam miezi tisa.

Wiki ya kwanza sikupewa mbwa. Nilipewa kamba. Mwalimu wetu, sajenti mmoja wa Kisukuma mwenye sauti ya kukwaruza, alijifunga ncha moja kiunoni akawa yeye ndiye mbwa. Anavuta, anakata kona, anasimama ghafla, na sisi tunamfuata kwenye majani huku wenzetu wa kozi ya farasi wanatucheka.

"Nyie mnadhani mnakuja kumfundisha mbwa," alituambia. "Mbwa anajua kunusa tangu tumboni mwa mama yake. Wanaofundishwa hapa ni nyie."

Na jambo alilolirudia mpaka tukachoka ni hili: kitu cha kumnusisha mbwa ukitoe mwenyewe, kitandani kwa mtu, kwa koleo, ukitie kwenye mfuko. Usipokee cha kuletewa. Ukilazimika kupokea, basi uliza nani alikivaa mwisho. Usiulize cha nani. Uliza nani alikivaa mwisho.

Huko ndiko nilikopewa Dana. Jike, mgongo mweusi, miguu ya rangi ya mchanga, sikio la kushoto limekunjika ncha. Nilirudi naye Pemba miaka mitano iliyopita, na tangu siku ile sijalala usingizi wa kushiba. Saa kumi alfajiri niko bandani nafagia. Nachemsha dagaa na unga. Namkimbiza mpaka jua litoke. Namchana manyoya, namtoa kupe, namkagua nyayo kama zina miiba. Mbwa wa kazi hajui Ijumaa wala Idi. Ukiugua wewe, yeye hajaugua, na ndani ya kituo kizima hakuna anayetaka kuishika kamba yake.

Mke wangu Nadhira ana sheria moja: kwanza ndoo, kisha salamu. Nikitoka bandani nakuta ndoo na kata nyuma ya nyumba, na kopo la udongo mwekundu pembeni. Nguo za kazi haziingii ndani. Palipolowa kwa mate ya mbwa panaoshwa mara saba, moja kwa udongo, na Nadhira huhesabu kwa sauti kutoka jikoni ili nisimpunje.

"Ya nne hiyo, Jaribu. Nakusikia."

"Ya tano."

"Ya nne. Hukuijaza kata."

Majirani nao wana lao. Mmoja akinipita njiani na kanzu yake nyeupe huipandisha mpaka magotini, ananiuliza, "Yakhe, leo umeoga au umerambwa?" Nacheka. Mwaka wa kwanza sikuwa nikicheka.

Aliyenisaidia mwaka ule ni huyo Maalim Shaame. Mimi mtoto wa Ole, na alifu ya Kurani nimeijua kwa kijiti chake. Nilimwendea nikamwambia, Maalim, wamenipa mbwa, na watu wananikwepa mpaka msikitini. Akanijibu bila hata kuinua kichwa kwenye msahafu wake. "Mbwa wa kuwinda katajwa na mbwa wa kulinda katajwa. Wako ni wa kazi. Osha ulipolowa, kaswali. Kuna wenye najisi ya moyoni wanapanga safu ya mbele na hakuna anayewakwepa." Nikaondoka nimenyooka mgongo. Nayasema haya ili ijulikane kwamba mzee yule hakuwa na tatizo na Dana. Tatizo tulikuwa nalo sisi.

Miaka miwili ya mwisho akili ilianza kumtoka. Alisahau kama amekula. Alimwita bintiye kwa jina la mama yake. Bintiye Mwanawema aliishi naye, pamoja na mumewe Safari, ambaye ndiye aliyekuwa akiichuma mikarafuu ya mzee. Wiki moja kabla ya Jumanne ile, Safari na Maalim waligombana uani mbele za watu. Mzee aliona karafuu zimeanikwa kwenye majamvi akadai zimeibwa shambani kwake. Safari, aliyeshinda mtini siku nzima, akamjibu vibaya. Alisema, "Mzee huyu atatuua sote na huo usahaulifu wake, bora atangulie." Ni neno la mtu aliyechoka. Lakini Ole nzima ililisikia.

Simu iliingia kituoni saa tatu asubuhi. Tulifika Ole saa tatu na nusu, mimi, Dana, afande wangu na askari wawili. Watu walikuwa wamejaa uani. Sheha Thuwein alitupokea njiani huku amenyoosha fimbo yake mbele kama mtu anayezuia ng'ombe.

"Jaribu, jibwa lako hilo liishie hapo. Nna wudhuu wangu tangu alfajiri."

"Sheha, mbwa havunji wudhuu. Anachafua nguo tu akikulowesha."

"Basi na nguo hii ndiyo ya Idi. Liishie hapo."

Watu wakacheka kidogo, cheko la watu wenye hofu. Nikamfunga Dana kwenye mnazi nje ya ua, nikamfuata Mwanawema mpaka mlangoni. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Kaka Jaribu, nimeamka kumpa maji ya kutawadha nikakuta kitanda kitupu. Malapa yake hapa, fimbo yake hapa. Baba anakwenda pekupeku, kaka."

"Tutampata, dada. Nataka nguo yake. Aliyolalia."

Mlango wa chumba cha Maalim ulikuwa wazi. Niliona kitanda, chandarua kimeinuliwa upande mmoja, msala umekunjwa, na rafu ya misahafu juu ya mto. Nilikuwa na koleo na mfuko mkononi. Hatua nne tu ningekuwa kitandani. Lakini nilikuwa nimetoka kumshika mbwa, na mkono wangu wa kulia ulikuwa bado na mate yake, na ndani mle ndimo mzee alimokuwa akiswali. Wanawake watatu walikuwa wamesimama kizingitini wananiangalia miguu. Nikasimama nje.

"Nilete mie," Mwanawema akasema. Akazunguka nyuma, akarudi na msuli wa kijani, shuka ya kiume ya kujifunga kiunoni, ameuning'iniza kwenye mpini wa ufagio.

"Wa Maalim huu?"

"Wake, kaka. Kaununua mwenyewe mjini Chake, Idi ya mwaka juzi."

Nikaupokea. Sikuuliza nani aliuvaa mwisho. Niliogopa kuonekana namchimba mwanamke aliyepotelewa na baba yake. Hiyo ndiyo heshima niliyomfanyia.

Nikamvalisha Dana mkanda wake wa kifuani, nikamfunga kamba ya mita kumi, nikamnusisha. Akazunguka ua mara moja, akaipata njia ya shambani, akavuta. Alivuta vizuri mno. Mtu wa kazi hii anasoma kwa mkono. Harufu ya masaa manne ni nyepesi, mbwa huinua kichwa, hurudi nyuma, husitasita. Siku ile kamba ilikaza kama ameona chakula. Mkono wangu uliniambia kwamba huyu tunayemfuata kapita hapa sasa hivi. Nikaujibu kwamba labda ni umande umesaidia.

Tulipita njia ya juu, kijito kiko bondeni mkono wa kushoto, watu kama arubaini nyuma yetu wakipiga kelele za "Maalim! Maalim!" Nikageuka kuwaambia wanyamaze, hawakunisikia. Tukaingia kwenye mikarafuu. Chini ya miti kulikuwa na kundi jingine la watafutaji wamekaa wanapumzika, wanaume kama kumi. Dana akawapita wanane bila kuwatazama. Akafika kwa Safari, akamnusa magoti, akakaa kitako mbele yake. Kisha akanigeukia, anangoja mpira wake.

Mbwa akifanya alichoombwa, unampa mpira. Papo hapo, bila kuchelewa, la sivyo kesho hafanyi. Mkono wangu ulikwenda mfukoni wenyewe. Mbele ya watu hamsini nikampa Dana mpira wake, nikampapasa shingo, nikamwambia, "Vizuri, mama."

Nani angehitaji hukumu nyingine?

"Kha! Safari!" mtu akasema.

"Mie?" Safari akasimama. "Mie nini? Jaribu, jibwa lako linanitaka nini?"

"Mzee yuko wapi?" Huyo alikuwa Mundhir, mtoto wa nduguye Maalim, mtu mzima, mwenye duka. "Ulisema bora atangulie. Umemtanguliza wapi?"

"Mundhir, nisikilize, mie tangu saa kumi na mbili namtafuta..."

Hakumaliza. Mundhir alikuwa na mpini wa jembe. Alimpiga nao mdomoni mara moja, na Safari akakaa chini pale pale mbele ya Dana, ametanua mikono, damu inamdondoka kwenye shati. Askari wakawahi. Afande akaamuru apelekwe garini kabla hajauawa. Safari hakupigana. Alikuwa akiniangalia mimi.

Na mimi niliamini. Hili nalisema wazi. Kwa muda wa saa tatu nzima niliamini kwamba Safari kamuua mkwewe. Niliwaona watu wakichimba pale alipokaa, kisha chini ya rundo la makonyo ya karafuu, kisha kwenye shimo la taka, na sikusema kitu. Afande akanipigia mgongo. "Mbwa wako leo kafanya kazi, koplo." Jua likapanda. Kila dakika lilipopanda liliichoma harufu ya Maalim ardhini, na watu hamsini waliikanyaga iliyobaki.

Adhuhuri iliadhiniwa. Watu wakateremka kuswali. Mimi sikuwa na nguo safi, nikakaa na Dana kivulini, nikamwekea maji. Msuli ulikuwa kwenye mfuko. Nikautoa niukunje nimrudishie Mwanawema, maana ni mali ya watu. Ndipo ukanijia puani.

Ulinuka karafuu mbichi. Haikuwa harufu ya uani, ile ya karafuu kavu iliyomo kwenye kila nguo ya Pemba msimu ule. Ilikuwa ya tawi, ya utomvu, na juu yake jasho la mtu anayepanda mti. Ukingoni mlikuwa na makonyo mawili yamenasa kwenye nyuzi. Maalim Shaame hakuwa amepanda mkarafuu miaka kumi.

Nilikwenda mpaka uani mbio. Mwanawema alikuwa amekaa chini, amekumbatia magoti, wanawake wamejitenga naye. Mume wake ameshakuwa muuaji, na yeye hajui akae upande gani.

"Dada Mwanawema. Msuli ule nani aliuvaa mwisho?"

Akaniangalia kama hajasikia.

"Nani aliuvaa mwisho?"

"Safari," akasema. "Wake ulichanika. Siku tatu hizi anachumia huo."

"Na mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza! Umeuliza wa nani, nikakwambia wa baba. Ni wa baba." Kisha uso ukambadilika, na nikaona ameelewa. Akaweka kiganja mdomoni. "Kaka, ule aliolalia ndio anaoswalia. Ningeutiaje pua ya mbwa? Angerudi angeswali na nini?"

Nikampigia afande simu amwachie Safari. Kisha nikaingia chumbani mwa Maalim na viatu vyangu vya kazi. Hakuna aliyenizuia. Nikaitoa foronya ya mto wake kwa koleo, nikaitia mfukoni. Zilikuwa hatua nne, kama nilivyozipima asubuhi.

Tulianza upya saa nane, jua kichwani. Dana alikuwa amechoka na hakuelewa kwa nini anarudishwa kwenye kazi aliyoimaliza. Alinusa foronya, akaniangalia, akanusa tena. Mara tatu aliipata harufu akaipoteza kwenye nyayo za watu. Mara ya nne nikamzungusha nje ya ua, mbali, upande wa bondeni ambako hakuna aliyekwenda, nikamwachia kamba yote. Akashika kitu. Akaenda polepole, pua chini, anasimama, anarudi, anasonga. Hivyo ndivyo harufu ya mzee aliyepita alfajiri inavyokwenda. Mkono wangu ukaitambua.

Kulikuwa na njia ya zamani pale, imeota majani. Ndiyo iliyokuwa ikienda kwenye chuo chake cha kwanza cha Kurani, cha udongo na makuti, kabla hakijahamishiwa msikitini. Mimi mwenyewe nimeipita na ubao wangu kwapani. Chuo chenyewe hakipo, mvua ilishakila.

Saa kumi kasoro kidogo Dana alikaa kitako kwenye ukingo wa kijito, kilichokuwa kimekauka. Maalim alikuwa chini ya ukingo, amelala ubavu, mguu mmoja umekaa vibaya kuanzia nyongani. Jua lilikuwa limempata tangu asubuhi na halikuwa na mti wa kulizuia. Midomo ilikuwa imepasuka. Mkononi alikuwa na kijiti chake cha kusomeshea.

Kutoka pale mpaka mlangoni kwake nilihesabu baadaye hatua mia sita na arubaini. Njia ya juu, tuliyopita asubuhi, iko hatua mia na kitu kutoka alipolala.

Nikateremka. Nikampa maji kwa kofia ya chupa, kidogo kidogo. Akafumbua macho akanijua. Siku ile, kwa sababu ambayo mimi siijui, akanijua.

"Jaribu."

"Labeka, Maalim."

"Nimewasikia asubuhi. Mmepita juu. Nikasema, wanakuja." Akapumua. "Nimeita."

"Hatukusikia, Maalim."

"Mlikuwa mnaniita nyie. Mngesikiaje." Akatafuta kitu kwa macho. "Adhuhuri imenipita. Maji sina, nimetayamamu kwa huu ukingo, lakini kibla sikijui nilipolala hivi."

Dana alikuwa ameteremka, amelala karibu ya miguu yake, anahema. Hakumgusa. Nikapiga filimbi.

Hospitali daktari alikuwa kijana mwenye haraka. Nilimwuliza kama tulichelewa naye akanijibu bila kunionea huruma, na namshukuru. Nyonga ya mzee wa umri ule ni shida, akasema, lakini si nyonga iliyomharibu. Ni jua na kiu. Figo. Angeletwa saa nne au saa tano asubuhi, yeye daktari angekuwa anasema jambo jingine.

Safari aliachiwa alasiri ile ile. Afande alimwomba radhi kwa mdomo, na Mundhir alimpelekea mbuzi, Safari akamrudisha. Mimi nilikwenda kwake mara mbili. Mara ya kwanza hakufungua. Mara ya pili alifungua, akazungumza kwa shida kwa sababu ya mdomo.

"Ulimpa mpira," akasema. "Nilikuona. Ulifurahi."

"Nilikosea, Safari."

"Mbwa hakukosea. Mbwa alinitafuta akanipata. Weye ulijua namna ya kuuliza, ukaona haya." Akashika mlango. "Nenda, Jaribu. Hapa hakuna anayekutaka, na mie sitaki kukutukana."

Alihamia Vitongoji kwa kaka yake kabla ya maziko ya Maalim. Mwanawema hakumfuata, na yeye hakumwita. Nilisikia alimwambia mshenga aliyetumwa kuwapatanisha kwamba mke wake alikaa kimya uani masaa matatu huku watu wanamchimbia kaburi la mauaji. Talaka ikaja kwa barua.

Nadhira aliniuliza usiku mmoja kama nitaomba kuhamishwa. Nikamwambia naomba nani aje amshike Dana? Asubuhi ndoo ilikuwepo, na kata, na kopo la udongo. Sasa hahesabu tena. Naosha mwenyewe, nahesabu mwenyewe, na mara nyingine nafika nane, tisa, bila kujua.

Watu hupenda kusema ilikuwa kadari. Ni kweli, kila kitu kadari. Lakini mimi niliambiwa niandike ripoti, na ripoti haina mahali pa kadari, kwa hiyo nimeandika kilichopotea tu. Masaa sita, kutoka saa nne ambayo tungemfikia mpaka saa kumi tuliyomfikia. Meno mawili ya Safari, ya juu, ya mbele. Karafuu za miti kumi na tisa, zilizochanua mtini zikaharibika kwa kukosa wa kuzichuma. Ndoa moja, ya miaka kumi na saba. Siku tisa za hospitali. Maalim Shaame Ishak, miaka themanini na mbili, mmoja.